Beetle ya 1972: nianze na nini kabla ya machipuko, breki, kutu, rangi au kabureta?

Boksa72 aliandika:

Wakuu habari zenu, naomba mawazo maana kichwa kimejaa. Nina Volkswagen Beetle ya 1972, ile ya kawaida yenye bimu ya mbele ya toshenibaa (springi za vyuma vinavyojisokota) na boljointi, injini ya 1600, kabureta moja 34 PICT-3, bado ina jenereta, na breki ni dramu magurudumu yote manne. Baridi ikianza huwa naiingiza ndani inalala mpaka machipuko. Saa hizi iko juu ya stendi, kwa hiyo nina miezi michache ya kuishughulikia kabla hali ya hewa haijafunguka na watu kuanza kutoka na magari yao.

Sasa tatizo ni kwamba kila nikikaa kupanga, jambo moja linanivuta kwenye lingine. Rangi imekufa, boneti na paa vimepauka vimekuwa kama chokaa, nataka nipige upya. Nataka kabureta mbili maana mlimani inachoka. Nataka rimu pana kidogo na sitikava mpya. Alafu kuna zile kero zenyewe: ukikanyaga breki inavuta kushoto, taa za mbele mwanga wake hafifu sana, mvua ikinyesha maji yanaingia miguuni kwa abiria, na ikishapata moto ukizima haiwaki tena mpaka ipoe, stata inasema tik basi.

Siitaki ya maonyesho. Nataka gari ya kutembea wikiendi na safari ndefu moja moja na familia ndani. Vitu vya spana nafanya mwenyewe, kuchomelea sijui kabisa. Nyie wenye uzoefu na haya magari mnapanga vipi kazi za msimu ili machipuko yakifika gari iwe barabarani na sio vipande vipande? Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Dramu aliandika:

Karibu kijana wangu, gari nzuri hiyo, na spea zake bado zipo kila aina kwa sababu zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka kiwanda cha Mexico kilipofunga laini mwaka 2003, kwa hiyo usiogope kwamba utakwama.

Nakuomba ushike neno moja kabla ya mengine yote: usifungue kila kitu kwa mara moja. Beetle bodi inatoka kwenye sakafu kwa bolti tu, watu wanaona rahisi, wananyanyua bodi, injini huku, viti kule, bolti kwenye mifuko isiyoandikwa, na gari inaishia kuuzwa kwenye maboksi. Nimeziona nyingi sana hizo na inaniuma kila mara. Fungua sehemu moja, imalize, irudishe, ndo uende nyingine. Mwisho wa kila wikiendi gari iwe na uwezo wa kusukumwa nje.

Alafu mpangilio wangu mimi ni huu, gari isimame kwanza, isiungue, isioze, ndo uje kwenye nguvu na urembo. Rangi na rimu vikae mwisho kabisa, hata kama ndo vinavyokufurahisha.

Breki kuvuta kushoto maana yake mara nyingi ni kwamba upande wa KULIA haufanyi kazi sawasawa. Toa dramu za mbele zote mbili uangalie. Silinda ya gurudumu inaweza kuwa imegoma kwa kutu, au lainingi imelowa grisi kutoka kwenye sili ya beringi, au ile hozi ya mpira imevimba kwa ndani. Hozi ya namna hiyo ukiitazama nje ni nzima kabisa ila tundu la ndani limeziba, mafuta yanapita kwa shida na kurudi yanarudi polepole. Kama huna uhakika zina umri gani badilisha zote nne, usichague.

Gurudumu la mbele kushoto nati yake ina nyuzi za kinyume, unaifungua kwa kuzungusha kulia, na waya wa spidi unapita katikati ya ekseli hiyohiyo kwa hiyo chomoa pini yake kwanza kwenye kile kikombe cha grisi. Watu wanaharibu nyuzi hapo kwa kutumia nguvu upande usio wake.

Za nyuma ni nati ya milimita 36, imekazwa karibu Nm 300 na ina pini. Umesema gari iko juu ya stendi, basi sikiliza vizuri: hiyo nati USIIFUNGUE ikiwa juu. Ishushe chini, weka gia, vuta hendibreki, kabari kwenye matairi, toa kifuniko cha rimu, ilegeze hapo kwa bomba refu, ndo uinyanyue tena. Nguvu inayohitajika kuilegeza inaweza kuiangusha gari kutoka kwenye stendi na wewe uko chini. Na wakati wa kurudisha ikaze gari ikiwa chini pia, kisha pini MPYA. Kama tundu la pini halijalingana unaendelea kukaza mpaka lilingane, hurudishi nyuma.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, kila miaka 2 yamwage uweke mapya, DOT 4 inatosha, usichanganye na ile ya silikoni. Toa upepo ukianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda. Kabla ya kutoa upepo seti zile nyota za kurekebishia lainingi, kila gurudumu lina mbili, kaza mpaka dramu ishike, alafu rudisha mibofyo michache izunguke kwa mkwaruzo mdogo tu. Watu wanalaumu masta silinda kumbe lainingi ziko mbali na dramu. Na kile kifimbo kinachosukuma masta silinda kiachie nafasi ya milimita 1 hivi, bila nafasi hiyo breki zinaweza kubana zenyewe zikipata moto.

Matairi soma namba nne za mwisho kwenye ile alama ya DOT ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Gari ya kukaa ndani tairi zake zinazeeka na vidato vikiwa virefu bado, kwa hiyo usidanganyike na urefu wa vidato.

Na moto. Hili naliandika kwa uchungu maana Beetle nyingi zimeteketea kwa kitu cha bei ndogo sana. Injini iko nyuma, petroli inatoka mbele, mpira unaingia chumba cha injini. Mipira ya zamani ile ya kusukwa nje inaficha nyufa, na petroli za siku hizi zenye ethanoli zinaila kwa kasi. Badilisha mpira wote, wa kwenye tanki, wa juu ya giaboksi, wa chumba cha injini, wote, weka wenye daraja la kuhimili ethanoli na klipu kila mwisho. Kama kuna filta ya plastiki inaning'inia juu ya injini itoe hapo, ihamishie nje ya chumba cha injini. Uzito wake na mtikisiko unalegeza mipira na petroli inamwagika juu ya distribyuta (kile kinachogawa cheche kwa silinda). Angalia pia kile kibomba cha shaba kwenye kabureta na kwenye pampu, kishike kwa vidole ukivute, kama kinacheza kitoke kikarekebishwe. Mtungi wa kuzimia moto uwe ndani ya gari, karibu na dereva.

---

mama_spana aliandika:

Mzee amemaliza upande wa kusimama, mimi nashika bodi maana ndo kazi yangu ya kila siku.

Boksa72 mdogo wangu, maji ya miguuni usiyachukulie ni kero tu, hayo ndo yanayoila sakafu. Toa mazulia yote na ile lami ya kuzuia kelele, chukua bisibisi na nyundo ndogo ugonge kila sehemu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza au bisibisi inazama. Maeneo ya kwenda moja kwa moja: chini ya siti ya nyuma kulia ambapo betri inakaa (asidi ya miaka yote imedondokea hapo), kona za mbele za sakafu, lile shimo la tairi la spea mbele, sehemu bampa ya nyuma inaposhika, na yale maboksi marefu ya chini ya milango yanayopitisha hewa ya moto ya hita. Hayo maboksi ndo mgongo wa bodi. Sakafu ikioza unabadilisha sakafu, lakini yakioza maboksi ni kazi ya fundi anayejua, na KABLA hajakata chochote lazima aweke vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, la sivyo bodi inalegea katikati na milango haifungi tena maisha. Ukiona fundi anataka kukata bila hivyo vyuma ondoa gari yako hapo.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Kuna njia kadhaa. Mpira wa kioo cha mbele ukikauka unavuja kwenye kona za chini. Ndani ya mlango nyuma ya ile paneli kunatakiwa kuwe na karatasi ya plastiki imegundishwa vizuri, maana maji yanaingia ndani ya mlango kila siku kupitia kioo, yanatakiwa yatokee kwenye vitundu vya chini, sasa karatasi ikitolewa na mtu aliyeweka spika akaona haina kazi, maji yanakuja ndani. Vile vitundu vya chini navyo vichokonoe, vikiziba mlango unaoza kutokea ndani. Mpira wa boneti ya mbele. Na mpira wa kati ya bodi na sakafu wenyewe. Usikisie, kaa ndani mtu amwage maji kwa mpira sehemu moja moja kuanzia chini kwenda juu, dakika kadhaa kila sehemu, utaona linapotokea. Ukianzia juu maji yanateremka yanapita kila mahali hutajua ni wapi.

Sasa rangi. Hapa naomba unisikilize maana watu wanapoteza sana. Kwanza huu sio msimu wa rangi, baridi na unyevu rangi haikauki vizuri, inapata ukungu mweupe, na praima ukiiacha bila rangi juu nyingi zinanyonya maji mpaka kwenye chuma. Pili ukipiga rangi kabla ya kumaliza kutu umepaka vipodozi tu, chini inaendelea kuoza na ndani ya mwaka inatoa malengelenge. Tatu, na hili ndo la muhimu, kama gari ina rangi yake ya kizamani isiyo na klia (rangi angavu ya kung'arisha) juu, huo upauko unaweza kuwa wa juu tu. Chukua kitambaa safi na kompaundi, jaribu eneo la mkono mmoja kwenye paa. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari na chini kukang'aa basi rangi yako bado ipo, inataka subira na nta tu. Kwenye kingo na mikunjo nenda taratibu maana rangi huko ni nyembamba, inatoboka haraka. Rangi ya asili yenye mikwaruzo miwili mitatu mimi naiheshimu kuliko rangi mpya iliyopigwa haraka, na wanaojua haya magari wanaona tofauti.

Pitisha na sumaku yenye kitambaa laini, ikishindwa kushika ujue kuna fila (ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi) nene chini, andika mahali hapo.

Picha weka hapa ukishatoa mazulia.

---

waya_mwekundu aliandika:

mimi naongelea hiyo ya stata kusema tik na taa hafifu kwa sababu nina hakika kabisa ni ugonjwa mmoja, umeme unapotea njiani. kwenye Beetle waya wa kuamrisha stata unatoka swichi ya mbele unazunguka gari nzima mpaka nyuma, waya mwembamba, viunganishi vya miaka 50, ukijumlisha joto la stata ikishapata moto solenoidi (swichi ya sumaku iliyo juu ya stata) inapata volti ndogo inabofya tu haivuti. usikimbilie kununua stata.

fanya hivi kwanza, safisha ule mkanda wa ethi (njia ya umeme kurudi betri) unaotoka kwenye pua ya giaboksi kwenda kwenye bodi, wengi wameshaoza na ndo njia yote ya umeme wa injini kurudi kwenye betri. safisha ethi ya betri yenyewe, kwangua mpaka chuma king'ae. alafu chukua mita, mtu apige stata wewe upime kwenye kile kituo namba 50 cha solenoidi. kama ethi nzima lakini pale volti inashuka sana kulinganisha na betri basi weka rilei (swichi inayoamrishwa na umeme mdogo) karibu na stata, ule waya wa zamani uamrishe rilei, na rilei ichukue umeme kutoka kwenye waya mnene wa betri kupitia fyuzi. kazi ya mchana mmoja na tatizo linaisha. ukiitoa stata kwa sababu nyingine yoyote badilisha na kile kibushi kidogo kilicho kwenye nyumba ya giaboksi, shafti ya stata inazungukia hapo, kikiisha stata inakwama na hakiuzwi na stata mpya, kiko kivyake

taa za mbele ni hivyohivyo, umeme wote unapita kwenye swichi. rilei mbili, moja ya chini moja ya juu, waya mpya mnene, fyuzi yake, utashangaa taa zilezile zinavyobadilika. ila kumbuka una jenereta ya kizamani, haitoi kingi injini ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, kwa hiyo usirundike taa za ziada na redio kubwa kabla hujajua inatoa nini

betri: iko chini ya siti, springi za siti zikigusa vituo vya betri na mtu mzito akakaa, siti inashika moto, hii sio hadithi ya kutishana. kifuniko cha betri lazima kiwepo na mkanda wake wa kuishikilia. na chomoa ethi kila unapoanza kazi yoyote ya waya

kwenye cheche za distribyuta, kubaki na pointi au kwenda elektroniki ni wewe, pointi zikisetiwa milimita 0.4 zinafanya kazi vizuri tu. ukiweka moduli ya elektroniki usiache swichi imewashwa injini imezimwa, inaweza kuungua, na beba pointi na kondensa kwenye gari kama akiba

---

Boksa72 aliandika:

Nimerudi wakuu, asanteni mno, nimefanya mlivyosema kabla ya kununua chochote.

Matairi yameandikwa 0809, yaani wiki ya 8 mwaka 2009, na vidato vimejaa kabisa, ningeweza kusafiri nayo hivyohivyo. Mbele kulia silinda ya gurudumu imeganda, pistoni moja haisogei hata kidogo, kwa hiyo Mzee ulichosema ndo chenyewe. Sakafu chini ya betri bisibisi imezama mara ya kwanza tu, tundu la upana wa kiganja, na kona ya mbele ya abiria kumekuwa kwembamba. Maboksi ya chini ya milango yanalia vizuri pande zote, nimegonga mpaka jirani kaja kuuliza. Plastiki ya mlango wa abiria haipo kabisa. Kompaundi nimejaribu kwenye paa, mama_spana Mungu akubariki, chini kuna rangi ya bluu sijawahi kuiona toka nimeinunua.

Maswali mawili. Kwa kuwa breki nimeshafungua, niende diski mbele moja kwa moja? Na kabureta mbili bado natamani, niambieni ukweli.

---

Hewa_na_Oili aliandika:

Diski mimi nakushauri weka. Bimu ya boljointi inapokea spindo na diski za Karmann Ghia (gari ndugu yake ya Volkswagen) bila kukata kitu, haya magari ya 1500 ya Ulaya yalikuja na diski mbele tangu kiwandani, na ukiteremka mlima mrefu na familia ndani utaona faida, dramu zikipata moto kanyagio linakwenda mbali. Ukiweka angalia na chupa ya mafuta ya breki na masta silinda ziendane na mfumo wa diski.

Kabureta mbili sasa, hapo nakuzuia kidogo, sio kwa ubaya. Gari inachoka mlimani, lakini umeshapima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda)? Umeshaseti valvu? Milimita 0.15 zote nane, injini ikiwa BARIDI kabisa imelala usiku, kila kilomita 5,000 pamoja na oili, maana injini hii haina filta ya oili, ina wavu tu na oili lita 2.5, oili chafu inabaki humohumo. Mpangilio wa moto (zamu za silinda kuwaka) ni 1-4-3-2. Valvu ya ekzosi ikizidi kubana haifungi vizuri, inaungua, na dalili yake ya kwanza ni hiyohiyo ya gari kukosa nguvu. Pima kompresheni zote nne, tofauti kati ya silinda na silinda ndo ya kuangalia kuliko namba yenyewe. Kama moja iko chini mbali na wenzake, kabureta kumi hazitasaidia.

Angalia na distribyuta uliyonayo. Wengi walibadilisha wakaweka ile 009 isiyo na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini unaorekebisha muda wa cheche), na 34 PICT-3 imetengenezwa kufanya kazi na vakyumu, matokeo yake ukikanyaga gari inasita kwanza ndo iende. Kurudisha distribyuta ya vakyumu kumefufua magari mengi ambayo wenyewe walishaagiza kabureta mpya. Shika pia kile kibomba chembamba cha joto kinachopita chini ya manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko wa petroli na hewa kwenye silinda), injini ikishapata moto kiwe cha moto pande zote mbili, kikiwa baridi kimeziba kaboni ndani na siku za ubaridi manifoldi inaganda barafu kwa nje, gari inakohoa. Ukienda kabureta mbili hicho kibomba kinaondoka, asubuhi za baridi utaziona.

Alafu joto. Injini hii inapozwa na hewa, na hewa inatakiwa iingie kwenye feni na kutokea chini bila kurudi juu. Mabati yote yawepo na mpira wa kuzunguka chumba cha injini uwepo wote. Watu wanauona mpira ule ni urembo, kumbe ukikosekana hewa ya moto ya chini inapanda inapozia injini tena. Silinda ya 3 ndo iliyokuwa inateseka zamani kwa sababu kipoza oili kilikuwa kimekaa mbele yake, kuanzia magari ya 1971 kikasogezwa kwenye kijumba chake pembeni, angalia kama injini uliyonayo ina hicho, maana injini za hizi gari zimebadilishwa sana. Mkanda wa feni ukibonyeza kwa kidole uingie kama milimita 15, unaurekebisha kwa zile washa katikati ya puli. Mkanda ukikatika taa nyekundu inawaka: simama hapohapo, feni imesimama.

---

Mzee wa Dramu aliandika:

Hewa_na_Oili nakuheshimu lakini kwenye diski tunatofautiana. Injini ya kawaida, tairi nyembamba za kawaida, dramu nzima zilizosetiwa zinaisimamisha hii gari vizuri kabisa, nimeteremka nazo milima mirefu kwa gia ya 2 bila shida. Kinachoangusha dramu ni kwamba hakuna anayeziseti. Diski ni nzuri, sibishi, ila huyu ana silinda moja iliyoganda na miezi michache, anahitaji silinda mbili mpya mbele, hozi nne, lainingi, mafuta mapya. Hela ya diski iende kwenye matairi manne na kuchomelea sakafu. Siku akiongeza nguvu ya injini ndo aongeze na breki, tena breki zitangulie.

Na rimu pana za mbele zinafanya usukani uwe mzito na zinaweza kukwaruza fenda ukikata kona. Tairi za 165 R15 kwenye rimu za asili, upepo mbele psi 18 nyuma psi 27, gari inakwenda imetulia. Upepo sawa mbele na nyuma kwenye hii gari haufai, uzito uko nyuma.

---

Hewa_na_Oili aliandika:

Sawa Mzee, kwa hali ya injini yake ya sasa nakubali dramu zinatosha. Ila siku ya kabureta mbili nitarudi hapa kuzidai hizo diski.

---

Boksa72 aliandika:

Nimewaelewa. Basi dramu zinabaki, silinda, hozi na lainingi nimeshaagiza pamoja na mipira ya petroli. Matairi yanafuata. Mkanda wa ethi nimeutoa, nyaya zake nusu zimekatika, nimeshangaa gari ilikuwa inawaka vipi. Kabureta mbili na rimu nimezifuta mwaka huu, valvu na kompresheni nitapima kabla ya kitu kingine chochote kwenye injini. Rangi ni kompaundi na nta.

mama_spana dada yangu swali la mwisho, hiyo sakafu, fundi mmoja anataka kubadilisha nusu nzima ya upande wa kulia, mwingine anasema akate pale chini ya betri tu aweke kiraka na kona ya mbele kiraka. Nimwamini nani? Na nimpelekee kabla au baada ya breki?

---

mama_spana aliandika:

Mpelekee KABLA ya mipira ya petroli na kabla ya kurudisha mazulia, moto wa kuchomelea na mipira mipya havikai pamoja, na bomba la petroli linapita ndani ya lile tuta la katikati, fundi lazima alijue hilo kabla ya kuwasha mashine. Betri itoke, tanki liwe limetolewa kabisa mbele. Breki unaweza kumaliza kwanza ili gari iweze kuendeshwa mpaka kwake au kupakiwa vizuri.

Kiraka au nusu nzima inategemea chuma cha katikati. Kwangua yote ya upande huo mpaka chuma kionekane, kuanzia tundu la betri mpaka kona ya mbele. Kama katikati ni nzima na ni nene, viraka viwili vizuri vilivyochomelewa mzunguko mzima vinatosha miaka mingi, na chuma cha asili cha kiwandani huwa kinene kuliko sakafu nyingi za kununua. Kama kutu imetembea na kuunganisha hizo sehemu mbili, nusu nzima, usisumbuke na viraka vinavyofuatana. Lakini kiraka kiwe cha kukata kilichooza chote mpaka chuma kizima ndo kiungwe, sio bati linalopandishwa juu ya tundu na kupakwa lami, hiyo inafuga maji katikati.

Akimaliza, maungio yapakwe sila (gundi ya kuzuia maji), epoksi praima juu na chini, rangi, na chini ya betri ongeza mkeka wa kuzuia asidi. Nta ya kuzuia kutu ipulize kwenye mashimo ya bodi ila ndani ya yale maboksi ya hita nenda nayo kwa uangalifu, hewa ya hita inapita humo inakuja ndani kwenu, harufu na mvuke wake mtaupumua nyie na watoto.

Plastiki ya mlango usisahau, kaiweke wiki hiihii, nailoni nzito na gundi inayobaki laini. Sakafu mpya bila hiyo plastiki itaanza kulowa mvua ya kwanza. Na nisubirie picha ya hilo paa la bluu.